Shajara ya mradi: neno Requiem na raha tunayowaombea marehemu

Jumamosi, Agosti 24, 2024

Mama mdogo tulimzika Jumatano. Jana jioni, rozari imekwisha na watu wamekaa mikekani wakisubiri chai, mpwa wangu wa miaka 11 alinivuta mkono hadi chini ya mwembe akaniuliza: "Mjomba, mbona kila tukimaliza kusali tunasema bibi apewe raha? Watu si wanalia? Raha ya nini?"

Nikamjibu kuwa ni raha ya mbinguni. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima tu. Niliona wazi kwamba jibu halikumwingia. Kwake raha ni mpira wa jioni, ni soda ya Krismasi. Usiku nilikosa usingizi. "Raha ya milele umpe, ee Bwana" nimeisema tangu nikiwa mdogo kuliko yeye, kwenye makaburi nisiyoweza kuyahesabu, na sijawahi hata siku moja kusimama nikalitazama neno lenyewe.

Kwa hiyo naanza mradi. Kijitabu cha kurasa 8 juu ya neno moja, Requiem, ambalo ndilo linaloanza sala hiyo kwa Kilatini: limetoka wapi, limebeba nini, na kwa nini sisi tumelipokea kwa neno raha. Kigawiwe makaburini Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote. Nina wiki 10. Nafundisha Kiswahili sekondari na ni katibu wa kwaya. Kilatini changu ni cha miaka minne ya seminari ndogo, pamoja na kamusi iliyochanika jalada.

Jumatano, Agosti 28

Sikukuu ya Mtakatifu Agostino. Leo nimeandika mistari miwili, mmoja chini ya mwingine, nikaiacha mezani siku nzima:

Requiem aeternam dona eis, Domine, et lux perpetua luceat eis.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.

Aliyetutafsiria hakugusa hata mpangilio. Katika mazungumzo tungesema "Ee Bwana, uwape raha ya milele." Sala haisemi hivyo. Kinachoombwa kimetangulia, Bwana anaitwa baadaye, na mwombaji hajitaji kabisa. Anayelia huanza na kile anachokitaka.

Ukilitafuta neno hili kwenye kamusi ya Kilatini utalikuta kama requies. Ndani yake kuna quies, utulivu, hali ya kunyamaa, na mbele yake re-, kiambishi ambacho kwa kawaida hubeba wazo la kurudi au kurudia. Ile m ya mwisho katika requiem inatuambia kwamba neno ni yambwa: ndicho kitu kinachoombwa. Maana yake ni kwamba "Misa ya Requiem", yaani Misa ya wafu, ni jina lililokatwa kutoka katikati ya ombi. Mtu anapolitaja amekwisha kuanza kuomba, hata kama hajui.

Sisi wenyewe tuna desturi hiyo ya kuita sala kwa maneno yake ya kwanza: Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki. Kwa Kilatini Dominika mbili zina majina ya aina hiyo, Gaudete wakati wa Majilio na Laetare wakati wa Kwaresima, na nyaraka za Mapapa pia, kama Rerum Novarum ya Leo XIII ya 1891. Katika sala za wafu jambo hili limezaa hata neno la hospitalini. Masifu ya Jioni ya wafu yalianza kwa antifona, yaani kiitikio cha zaburi, Placebo Domino in regione vivorum, "nitampendeza Bwana katika nchi ya walio hai". Ulaya ya zamani "kuimba placebo" kukawa na maana ya kujipendekeza kwa watu, na baadaye madaktari wakaliazima neno hilo kwa dawa isiyo na dawa ndani yake, inayotolewa ili kumridhisha mgonjwa. Neno lilianza kaburini likaishia kwenye kidonge.

Nimeanza na Agostino kwa sababu ya sentensi yake moja iliyo mwanzoni mwa Maungamo: inquietum est cor nostrum, donec requiescat in te. Moyo wetu hautulii mpaka upumzike ndani yako. Sikiliza quies inavyorudi mara mbili, kwanza ikikosekana, kisha ikipatikana. Agostino alizaliwa 354 Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, Algeria. Jambo hili la Afrika ya kaskazini nalitilia alama, nahisi nitalirudia.

Jumamosi, Septemba 7

Kosa la kurekebisha. Wiki iliyopita niliiambia jumuiya yetu kwamba maneno haya yametoka Zaburi. Si kweli. Zaburi imo katika wimbo wa mwanzo wa Misa ya wafu, ndiyo, lakini kama shairi linalofuata: Zaburi ya 65, ile inayosema "Wote wenye mwili watakujia." Maneno ya raha na mwanga yenyewe yanatoka kwingine.

Yanatoka katika kitabu kinachoitwa Ezra wa Nne, ambacho hakimo katika Biblia zetu. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, Biblia ya Kilatini ya 1592 ilikiweka mwishoni kabisa, nje ya orodha ya vitabu vitakatifu, na dibaji ikaeleza kuwa kimewekwa hapo kisije kikapotea moja kwa moja. Sura ya 2, mstari wa 34 na 35: requiem aeternitatis dabit vobis, atawapa raha ya umilele; na lux perpetua lucebit vobis, mwanga usiokoma utawaangazia. Sura hizo mbili za kwanza, wataalamu wanasema, ziliandikwa na Wakristo na kuunganishwa na kitabu cha Kiyahudi kilichokuwapo kabla yake.

Nimekaa na vitenzi hivi hadi saa sita usiku. Kitabuni ni ahadi: dabit, atawapa, lucebit, utawaangazia. Kwenye sala vimegeuka: dona, uwape, luceat, uwaangazie. Mtu aliichukua ahadi akairudisha kwa aliyeiahidi, kama mtoto anayemshika baba kanzu na kumwambia "Ulisema." Kwa Kiswahili badiliko hilo linakaa katika herufi chache tu, "-ta-" inaondoka, "-e" inakuja mwisho. Hili litapewa ukurasa mzima.

Alhamisi nitasimama kwenye jumuiya niseme kwamba nilikosea.

Jumapili, Septemba 15

Baada ya alasiri nilikwenda kwa Maalim. Ni jirani yetu wa miaka mingi, amefundisha chuo cha Kurani tangu sijahamia mtaa huu, na kwenye msiba wa mama mdogo alifika siku ya kwanza kabla hata ya baadhi ya ndugu. Nilipopiga hodi alikuwa barazani kwenye kiti cha kamba. Akataka kuinuka. Nikamwahi: "Starehe, Maalim, starehe."

Akakaa. Nikamsalimia shikamoo, tukajuliana hali, nikamweleza swali la mtoto. Akatabasamu.

"Mwalimu, jibu umeingia nalo mlangoni. Umeniambia nini nilipotaka kusimama?"

"Nimekwambia starehe."

"Ulitaka niende disko?"

Starehe, akanieleza, ni istiraha ya Kiarabu: kutulia, kukaa bila kusumbuka. Raha ni neno lile lile bila kiambishi chake cha mbele. Yote yanatoka katika herufi tatu, ra, waw na ha, na katika shina hilo hilo kuna rihi, upepo, na ruhu, ambayo kwetu ni roho. Akanisomea maneno ambayo Mtume alimwambia Bilal, mwadhini wake, mtu mwenye asili ya Uhabeshi, wakati wa sala ulipofika: arihna biha ya Bilal, tupumzishe kwayo, ewe Bilal. Sala yenyewe ikaitwa pumziko.

"Hilo arihna ndilo raha yenu," akasema. "Na hata huyo mnayemwombea, mnamwitaje?"

"Marehemu."

"Basi. Marhum, aliyerehemewa. Mmeshamwombea kabla hamjafungua kitabu."

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole. Mtu wa pwani wa zamani alipokuwa akisema starehe alikuwa akimwambia mwenzake asiinuke kwenye kiti. Leo neno hilo limeandikwa kwenye vibao vya baa. Raha nayo imepita njia hiyo hiyo. Mtoto hakukosea, alilisikia neno lilipo sasa, na sala inalo lilipokuwa.

Jumamosi, Septemba 21

Mazoezi ya kwaya yaligeuka mjadala. Mwalimu wa kwaya amesoma rasimu ya kwanza na anapendekeza kwamba, kama maana ni hiyo, kijitabu kiwashauri watu kusema "pumziko la milele". Vijana wataelewa mara moja, anasema, na hakuna atakayewaza muziki na vinywaji. Ana hoja, na wapo wengi waliomuunga mkono.

Mimi nimekataa, na sababu zangu nilizibeba kwenye mfuko: Biblia ya Union Version ya mama mdogo mwenyewe. Tukafungua pamoja. Zaburi 95, Mungu anaapa kuhusu kizazi cha jangwani: "wasiingie rahani mwangu." Kilatini hapo ni requiem meam. Zaburi 116: "Ee nafsi yangu, urudi rahani mwako." Kilatini, in requiem tuam. Waebrania 4: "imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu." Kisha Mathayo 11, ambapo maneno yote mawili yanakaa jirani. "Nami nitawapumzisha," anasema Yesu kwa wanaolemewa na mizigo, na mstari unaofuata: "nanyi mtapata raha nafsini mwenu." Kilatini cha mstari huo wa pili ni requiem animabus vestris.

Anayesema "raha ya milele" kaburini anaungana na hao wote. Ukiliondoa neno, mtu anayesikia Zaburi 95 hatajua tena kwamba ile raha ambayo watu wa jangwani waliikosa ndiyo anayoombewa mama yake.

Bado nalipenda pumzika, na halina mahali pa kwenda kwa sababu limo tayari mwishoni mwa sala: "apumzike kwa amani." Ni neno letu la Kibantu, lenye pumzi ndani yake. Quies ya Kilatini ni kunyamaa. Pumzika ya Kiswahili ni kupata pumzi, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani, akautua, akavuta hewa. Fikiria tunavyolisema juu ya mtu ambaye pumzi imemtoka. Tunamwombea arudishiwe kile kile.

Mwalimu wa kwaya alinyamaza kidogo, akasema: "Basi liandike hilo la mzigo." Nimeliandika.

Jumatatu, Septemba 30

Leo ni Mtakatifu Yeronimo, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, na leo leo ndiyo nimemkamata mahali.

Kitabu kimoja kilinielekeza kwa Isaya 58:11 kama chanzo kingine cha raha na mwanga kwa pamoja. Nikafungua Union Version: "Naye BWANA atakuongoza daima." Hakuna raha. Nikadhani nimekosea mstari, nikasoma sura nzima mara mbili. Kisha nikatafuta Kilatini cha Yeronimo: et requiem tibi dabit Dominus semper, et implebit splendoribus animam tuam. Bwana atakupa raha daima, na ataijaza nafsi yako mng'ao. Raha na mwanga, sentensi moja.

Tofauti imeanzia kwenye Kiebrania. Kitenzi cha kuongoza na kitenzi cha kupumzika vinafanana sana katika lugha hiyo, nahah na nuah, na inaonekana Yeronimo alisoma cha pili pale ambapo watafsiri wetu walisoma cha kwanza. Kwa hiyo Mkristo wa Kilatini alisikia Isaya akiahidi raha, na sisi tunamsikia akiahidi kiongozi wa njia.

Nilitaka kuliruka kwa sababu linachanganya. Nimeamua kuliweka kwa maneno mawili, kwa kuwa mtu yeyote atakayefungua Isaya nyumbani asione raha atadhani nimemdanganya.

Jumamosi, Oktoba 5

Ukurasa wa "apumzike". Huu niliuandika kwa saa moja tu, kwa sababu nimekuwa nikiubeba moyoni tangu msiba.

Kwenye simu ya mama mdogo, aliyonayo binti yake sasa, kuna salamu za rambirambi zaidi ya 100. Nyingi ni herufi tatu: RIP. Watu wanadhani ni Kiingereza. Kabla ya Kiingereza ni Kilatini, requiescat in pace, na kwa bahati herufi za mwanzo zinalingana katika lugha zote mbili. Kwenye makatakombe ya Roma, makaburi ya chini ya ardhi, Wakristo wa mwanzo waliandika juu ya makaburi yao in pace, "katika amani", wakati mwingine na kitenzi cha kulala au kupumzika.

Requiescat ni neno moja lenye mtendaji ndani yake na matakwa mwishoni. Kiingereza hakiwezi kulisema kwa neno moja. Kiswahili kinaweza: apumzike. "A-" ni yeye, "-e" ni ombi. Tukiwaombea wengi, Kilatini kinasema requiescant, sisi tunasema wapumzike.

Sasa wengi huandika "Pumzika kwa amani, mama." Siwalaumu, ni sauti ya mtu anayemuaga mpendwa wake, na nani atamkataza? Lakini si sala ile. Ukisema "pumzika" unazungumza na aliyekufa. Ukisema "apumzike" unazungumza na Mungu juu yake, kwa sababu yeye peke yake hawezi kujipa hiyo raha na wewe huwezi kumpa. Katika kijitabu nimeomba jambo moja tu kwa wasomaji: andikeni mnavyotaka kwenye simu, ila kaburini isemwe ile -e.

Jumamosi, Oktoba 12

Muziki. Ningeweza kuandika kurasa 20 hapa, ila nimejibana nusu ukurasa. Requiem kama jina la kazi ya muziki ni maana ya pili ya neno, iliyozaliwa kwa sababu watunzi walitunga Misa nzima ya wafu na kuiita kwa neno lake la kwanza. Mozart alikufa 1791 akiwa hajaimaliza ya kwake. Süssmayr, mwanafunzi wake, ndiye aliyeikamilisha. Verdi aliiongoza yake Milan mwaka 1874 kumkumbuka mwandishi Manzoni. Wimbo wa zamani wa kanisani, ule wa Gregoriani, ni wa modi ya sita, moja ya ngazi za sauti za nyimbo hizo, na sauti zake hutembea hatua ndogondogo kama watu nyuma ya jeneza. Kwaya yetu itauimba huo.

Lakini kwenye nusu ukurasa huo nimempa nafasi Brahms, kwa ajili ya shangazi. Shangazi ni Mlutheri. Kwenye msiba alisimama nasi, aliimba nasi, na ilipofika "Raha ya milele" alinyamaza, maana kwao marehemu amekwisha kuwekwa mikononi mwa Mungu na haombewi. Nilimheshimu kwa hilo. Brahms, aliyelelewa katika Ulutheri, alitunga Requiem yake kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe katika Biblia ya Luther, na ilipoimbwa Bremen Ijumaa Kuu ya 1868 ilianza kwa walio hai: heri wenye huzuni, maana hao watafarijika. Nilimsomea shangazi kwa simu. Akasema, "Hiyo ningeiimba."

Jumamosi, Oktoba 19

Nimelazimika kuufumua ukurasa wa 5, na nimefurahi.

Nilikuwa nimeandika kwa ukali kwamba raha katika sala hii ni pumziko, wala si furaha, na kwamba maana ya leo ni upotofu wa neno. Jana nilirudi Afrika ya kaskazini kama nilivyojiahidi. Nilitaka kujua nani, katika Kilatini, tunamwona mapema akimwombea marehemu wake. Kartago, karibu na Tunis ya leo, ndiko Wakristo walikoandika Kilatini kabla Roma haijakizoea. Tertullian, mwandishi Mkristo wa mji huo, anamtaja mjane anayemwombea mumewe aliyekufa, naye anamwombea refrigerium. Neno hilo ni ubaridi, burudisho. Ni lile lile la tajiri wa Injili ya Luka aliyetaka Lazaro achovye kidole majini "auburudishe ulimi wangu". Hata sasa Kanuni ya Kirumi, mojawapo ya sala kuu za Misa, inawaombea marehemu mahali pa refrigerium, pa mwanga na pa amani.

Burudisha. Shina ni la baridi, Kiarabu tena. Na burudani imekwenda wapi? Huko huko zilikokwenda raha na starehe. Na sisi sote, Wakristo na Waislamu, tunaomba Mungu amlaze marehemu mahali pema peponi, na pepo hiyo iko jirani kabisa na upepo.

Kisha Perpetua. Alikuwa mama kijana wa Kartago, mwenye miaka kama 22 na mtoto anayenyonya, akauawa mwaka 203 kwa ajili ya imani. Tunazo kumbukumbu za gerezani zinazosimuliwa kwa kinywa chake. Anasema siku moja katikati ya sala jina la Dinocrates lilimtoka mdomoni: mdogo wake aliyekufa akiwa na miaka 7, kwa kidonda cha saratani usoni. Hakuwa amemkumbuka kwa muda mrefu. Akaanza kumwombea. Usiku akamwona akitoka mahali pa giza, ana kiu, mchafu, kile kidonda bado kipo usoni. Mbele yake palikuwa na birika lililojaa maji, lakini ukingo wake ulikuwa juu kuliko kimo cha mtoto. Alikuwa akijinyoosha asifikie.

Perpetua akaomba usiku na mchana, akilia. Akamwona tena: safi, amevaa vizuri, refrigerantem, akiburudika. Pale penye kidonda pana kovu. Ukingo wa birika umeshuka hadi kitovuni pake. Akanywa kwa bakuli la dhahabu lisilopungua, na aliposhiba maji akaondoka akaenda kucheza, anasema Perpetua, kama watoto wanavyocheza, kwa furaha.

Niliisoma hiyo nikiwa peke yangu jikoni, taa ya mkononi kwa kuwa umeme ulikatika, na nikalia. Mwanamke wa Afrika, miaka zaidi ya 1,800 iliyopita, anamwombea mtoto pumziko na anaonyeshwa mtoto anacheza. Kwa hiyo mpwa wangu alikuwa amesikia kitu ambacho mimi sikukisikia. Mzigo ukituliwa, pumzi ikarudi, mtoto hakai kimya, anakwenda kucheza. Requies ya Kilatini haina hiyo ndani yake. Raha yetu inayo, kwa sababu ya safari ndefu iliyopitia, na sasa sitaki kuinyang'anya.

Ukurasa wa 5 umeandikwa upya. Sentensi ya "upotofu wa neno" imefutwa. Nimemweka Dinocrates hapo.

Jumamosi, Oktoba 26

Uchapaji. Nakala 150, fedha zimetoka kwenye mfuko wa kwaya na kwa ndugu wawili wa familia. Steshenari ya kwanza iliunganisha kurasa vibaya, ahadi ya Ezra ikatokea baada ya sala badala ya kabla. Nimehamia kwa mwingine, nikasimama nikihesabu mwenyewe karatasi baada ya karatasi. Paroko amesoma yote na kubadilisha jambo moja tu: nilikuwa nimeandika Kilatini kwanza na Kiswahili chini yake kwa herufi ndogo. Ameagiza Kiswahili kiwe juu, herufi ziwe sawa.

Jumamosi, Novemba 2

Misa ilikuwa makaburini saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kwaya iliimba ule wimbo wa Gregoriani kwa Kilatini mara moja, kisha kwa Kiswahili. Vijitabu vilikwisha kabla ya ushirika. Maalim nimemtunzia chake, shangazi nimempigia picha kurasa nikamtumia.

Baada ya baraka familia tulikwenda kwenye kaburi la mama mdogo. Saruji bado ni nyeupe. Tuling'oa majani, tukawasha mishumaa, na nikamwomba mpwa wangu aongoze. Alikuwa amekisoma kijitabu jana usiku. Hakuniuliza kitu juu ya raha. Aliniuliza kama Dinocrates alikuwa na mpira.

Akaanza, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," akanyamaza. Alikuwa akitazama upande wa kushoto, kwenye safu ya makaburi ambayo misalaba yake ya mbao imelala na majina hayasomeki. Hakuna aliyekuja kwao leo. Akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi.

"Raha ya milele uwape, ee Bwana."

Nasi tukaitikia: "Na mwanga wa milele uwaangazie."